Tulimsherehekea mama angali anaweza kutusahihisha

Shangazi yangu mkubwa alipofariki, matanga yalikaliwa Chumbageni, hapa Tanga mjini, na kila usiku baada ya kisomo watu walibaki barazani wakimzungumza. Mmoja akasema marehemu aliwahi kuwa karani bandarini. Mwingine akakataa katakata: alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la mkonge. Wa tatu akaapa kwamba miaka ya sitini aliimba taarabu, na hapo wajukuu wakaangua kicheko, maana bibi waliyemjua wao hata kupiga mluzi ilikuwa haramu nyumbani kwake. Mpaka leo hatujui la kweli ni lipi.

Mama yangu alikuwa mkekani na wenziwe, hakutia neno. Tuliporudi kwetu Ngamiani alivua ushungi, akaukunja, akaniambia, "Mimi msije mkanizushia."

Hapo ndipo lilipoanzia wazo la kumfanyia shughuli yake akiwa hai. Tuliifanya Julai 2025, na tangu hapo watu wenye mama au bibi wa umri ule wananiuliza tulifanyaje na ilitugharimu nini. Naeleza yote, pamoja na yaliyotutia hasira, maana yalikuwepo.

Mama ni mwalimu mstaafu. Alianza kazi mwaka 1965, mwalimu wa daraja C, yaani darasa la nane na miaka miwili ya chuo, akapangiwa shule iliyopakana na shamba la mkonge njia ya kwenda Muheza. Nchi yetu siku zile ndiyo iliyoongoza duniani kwa mkonge, na kambi za mashamba zilijaa wakataji waliotoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama aliongezewa zamu ya jioni. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri akawafundisha baba zao, waliofika darasani na utomvu wa mkonge bado umewakaukia mikononi. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi kwa posho ambayo mara ilikuja mara haikuja. Katikati ya hayo akatuzaa, akakaanga vitumbua kabla ya alfajiri, akapanga foleni za sukari miaka ya themanini mwanzoni, akamuuguza baba hadi mwisho wake. Ukimuuliza amefanya nini maishani atakujibu, "Nilifundisha," kisha atakuuliza umekula.

Kilichotukwamisha mwanzo kabisa ni tarehe. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai 1946. Wazee wengi ninaowajua wamezaliwa tarehe hiyo, au tarehe 1 Januari; ni kalamu ya karani iliyowazaa. Kaka yake mama, aliyeko Pangani, anasema dada yake alikuwa bado ananyonya askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walipokuwa wanarejea kutoka Burma baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Tulipopiga hesabu, Mfungo Sita wa miaka ile uliangukia Februari na Machi, kwa hiyo amezaliwa 1944 au 1945. Mpwa wangu mmoja, kwa nia njema, akataka twende tukarekebishe kitambulisho ili sherehe iwe ya tarehe ya haki. Tulimzuia. Tarehe ile iko kwenye faili la pensheni, iko benki, iko kwenye kila fomu aliyowahi kujaza. Ukiibadili sehemu moja, siku ya uhakiki wa wastaafu mzee anaambiwa hafanani na karatasi zake, na pensheni inasimama mkihangaika na viapo. Kama kosa la tarehe halimsumbui yeye, liacheni. Sisi kwenye mwaliko tuliandika tu "kumshukuru Mungu kwa umri wa mama", na aliyetaka hesabu akamuulize mwenyewe.

Tukachagua Julai. Februari na Machi Tanga ni joto la kumtoa mzee jasho akiwa amekaa tu, tena mwaka ule karibu Machi yote ilikuwa Ramadhani, na ukivuka hapo unaingia masika. Julai kusi linavuma, mwanzoni mwa mwezi watoto bado wamefunga shule, walio mbali wanaweza kuomba likizo. Mwenye mzee wa Pwani asianze na tarehe ya kuzaliwa. Aanze na hali ya hewa.

Sasa ugomvi. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alitaka ukumbi, mapambo, mshereheshaji, sare, na keki ya ghorofa yenye mishumaa. Khalati, yaani dada wa mama, akasema mambo ya bethidei si yetu na yeye hatakanyaga. Dada akapendekeza hitma. Tukakutana kwa mama wote, na simu ya kaka ikiwa juu ya meza, sauti imefunguliwa. Mama alisikiliza akiwa amegeuza sikio la kulia, ndilo zima, mpaka kila mtu akachoka. Kisha akauliza, "Mnataka kunifurahisha au mnataka kunionyesha?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Hitma mtanisomea nisiposikia. Safari hii nataka kusikia. Someni maulidi, nipikieni samaki changu wa kupaka, na mniletee wanafunzi wangu wa jioni waliobaki. Keki leteni, watoto wapate. Mishumaa hapana."

Maneno hayo yalimaliza kazi ya kamati nzima, lakini angalia yalivyopatikana. Wiki chache kabla yake kaka alimpigia simu akamuuliza anataka sherehe ya namna gani, naye akamjibu, "Chochote mtakachofanya wanangu ni sawa." Mzee wa kwetu akiulizwa kwenye simu, mkwe akiwa pembeni anasikiliza, atakwambia chochote ni sawa. Mkae naye chini, na mumuulize kwa kumpa la kuchagua: asubuhi au alasiri, nyumbani au ukumbini, watu wengi au wachache. Kisha mmoja wenu, akiwa naye peke yake, amuulize swali gumu: yuko mtu ambaye hungependa kumwona amekaa mbele? Mama alimtaja mmoja. Sikuuliza sababu. Yule mtu alialikwa, alikula, alikaa chini ya mwarobaini na majirani.

Kaka alikasirika. Akajitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia, akakaa nje siku kadhaa, na sisi tuliobaki tukasema mambo kumhusu ambayo sitayaandika. Kilichomrudisha ni kupewa kazi, wala hakubembelezwa. Dada alimpigia akamwambia wazee wa Pangani na Muheza hawana wa kuwaleta, na ndugu wa Mombasa wanahitaji wa kuwapokea Horohoro. Akarudi na ratiba ya magari aliyoipanga kama meneja wa kampuni ya mabasi. (Hata hivyo binamu mmoja alirudishwa mpakani, pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Mnaoalika watu wa ng'ambo, waulizeni hilo mwezi mzima kabla.)

Fedha. Bajeti ya kwanza, ile ya ukumbi, ilikuwa milioni 8. Kwenye kundi ziliahidiwa shilingi 5,900,000, watu wakapigiana makofi ya vikatuni. Siku tuliyofunga hesabu mkononi zilikuwa 2,740,000. Sikuwa na kinyongo na mtu. Wapo walioahidi wakiwa na kazi na mwezi wa saba ukawakuta hawana. Ila ningependa kila kamati ijifunze kuweka siku ya mwisho, na baada ya siku hiyo kupanga kwa kilichopo, ahadi zilizobaki zihesabiwe kuwa dua njema. Bahati nzuri mama alikuwa ameshaukataa ukumbi. Mfuko wetu ulikuwa wa sherehe ya uani, na ndiyo aliyoitaka.

Tulitumia 2,430,000. Kubwa zilikuwa mbuzi wawili kwa 400,000, samaki wa soko la Deep Sea kwa 250,000, turubai, viti na mikeka 230,000, na kanga. Wapishi walikuwa akina mama wawili wa Makorora, kanuni yao kilo moja ya mchele watu sita, nao hawabishani na mtu. Tulitarajia watu 120, tukanunua mchele wa watu 180. Wakaja zaidi ya 200, kwa sababu Ngamiani ukifunga turubai barabarani umealika mtaa. Wapishi walishaliona hilo mapema kuliko sisi: walipika kwa mafungu, fungu la mwisho likabaki mchele mkavu gunini hadi walipoona foleni haiishi, ndipo wakabandika. Mchele mkavu ukibaki haujapotea, wali ukibaki umepotea. Mchele wenyewe nao ukaisha, tukatuma vijana soko la Mgandini wakanunue mikate na maandazi. Hakuna aliyenung'unika, au kama walinung'unika walifika kwao kwanza.

Kuhusu kanga, dada alileta doti yenye jina la "Nani kama mama". Mama akaitazama, akasema hiyo imevaliwa na kila mtu kuanzia Horohoro hadi Kigamboni. Akaenda mwenyewe dukani, tena kwa miguu, akarudi na "Japo sipati tamaa sikati". Tukamuuliza ni ujumbe gani huo wa sherehe. Akasema wanafunzi wake wa jioni wataelewa.

Lakini kabla ya mbuzi na kanga tulianza na sauti, na kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, fanya hili. Miezi michache kabla ya shughuli nilianza kumrekodi mama kwa simu. Mara ya kwanza nilimwambia atueleze maisha yake, na alimaliza kabla chai haijapoa. Ikabidi nitafute mlango mwingine. Nikawa nampa kitu mkononi: pasi ya mkaa, kibao cha mbuzi kilichochakaa meno, cheti cha chanjo cha kaka. Kitu kikiwa mkononi maneno yanakuja yenyewe. Asubuhi baada ya chai ndiyo saa yake nzuri, na nusu saa inatosha. Ukimzidishia anaanza kukujibu kwa kichwa. Zima feni. Kwenye rekodi za mwanzo feni inavuma kuliko mama. Simu iweke karibu na mdomo wake, juu ya kitambaa, na kila rekodi ihamishie kwa mtu mwingine siku hiyohiyo, kwa sababu simu za Tanga zinaingia chumvi, zinaanguka vyooni, zinaibwa.

Tena jitayarishe kwa usiyoyatarajia. Asubuhi moja alikuwa anaeleza safari ya kutoka shuleni kuja hospitali ya Bombo kujifungua, na mimi nikidhani ni habari ya dada. Haikuwa ya dada. Kati ya dada na mimi alikuwepo mtoto wa kiume, aliishi siku chache. Hakuna kati yetu aliyejua. Nilizima simu bila kuambiwa, tukakaa. Baadaye akasema, "Hilo si la sherehe." Tukakubaliana kwamba kila rekodi aisikilize yeye kwanza na kusema ipi itoke, ipi ibaki kwetu. Ile ya mtoto alituruhusu tuisikie sisi wanawe tu, na tulikutana kuisikia. Sherehe ya mzee inafukua. Msifukue kisha mkamwacha peke yake na alichofukua.

Siku nyingine nilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda, na ndani yake, chini ya mashuka ya harusi, lilikuwamo daftari la mahudhurio la darasa la jioni. Jalada mende wamelila pembeni, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Kurasa za mwanzo, kila jina limeandikwa na mama kwa mwandiko wa ubaoni, na mbele ya jina kuna alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Madole matupu, safu nzima, mengine yamepakaza wino hadi kwenye jina la mwenzake. Ukifunua mbele, kwenye safu zilezile, madole yanaanza kupungua. Hapa mtu ameandika herufi mbili akachoka. Pale mwingine ameandika jina zima lakini herufi ya mwisho imeteremka hadi mstari wa chini. Mmoja ana S inayotazama nyuma kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho, na mama hakumrekebisha, au alimrekebisha akakaidi. Kurasa za mwisho ni sahihi, baadhi zina mikogo kama za waziri. Dole moja tu halikubadilika tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Huyu alikuja kila siku," mama alisema. "Kusoma hakuweza. Alipenda kukaa na wenziwe, na maji ya kunywa alikuwa analeta yeye."

Sherehe yetu ilipata mwili pale, ndani ya lile daftari. Wosia wangu kwa mwenye mama mwalimu, muuguzi, mkunga, fundi cherehani, muuza samaki, ni kutafuta karatasi ya kazi yake: daftari la wadaiwa, kitabu cha vipimo, kadi ya chama. Wengi tunawapamba mama zetu kwa sifa za uzazi peke yake, kana kwamba kazi walizofanya zilikuwa za kupitisha muda. Mama alifurahi sana kuitwa mama siku ile, lakini alipoitwa "Mwalimu" alikaa wima.

Kuwapata wanafunzi wenyewe ilikuwa kazi ya miguu. Wengi walikuwa vijana miaka ile ya sabini, kwa hiyo leo walio hai ni wazee, na hawamo kwenye makundi ya simu. Tulipita vijiwe vya kahawa, tukawauliza wajumbe wa nyumba kumi, tukamwomba imamu atangaze baada ya sala ya Ijumaa, tukaenda kwenye kambi za zamani za mkonge ambako bado kuna familia zilizobaki. Kila tuliyempata alitupa jina la mwingine, aghalabu la marehemu. Waliokuwa hai na wenye nguvu ya kutoka walijaa benchi moja.

Sasa habari ya bango. Tulipokuwa tunapiga picha zile picha za zamani (zitoeni kwenye fremu, msipige juu ya kioo, na mpige mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi), ilipatikana moja ya studio ya mwaka 1969: mama amesimama, gauni limeishia juu ya magoti, nywele duara, mkono kiunoni. Sote tuliipenda kupita kiasi. Mpwa akaipeleka kiwandani ikachapwa bango la mita mbili. Bango lilipofunuliwa uani mama aliliangalia, akavaa miwani, akaliangalia tena. "Huyu nilikuwa mimi, na nilikuwa na haki yangu. Ila wanaokuja ni wanafunzi wangu na maustadhi wa maulidi. Lishusheni." Na mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umechapwa vilevile, ule wa karani. Shilingi 70,000 zikaenda, na nyingine 70,000 zikafuata kwa bango jipya, lenye picha yake mbele ya ubao. Lile la kwanza analo mpwa chumbani kwake, na ninavyojua mimi mama analijua hilo. Chochote kitakachoonekana na watu, kiwe picha, wasifu au video, akione mwenyewe kabla ya kwenda kuchapwa. Si adabu tu, ni hela.

Siku yenyewe tuliipanga kwa nguvu zake. Asubuhi alizuiwa kupokea wageni, mchana alikula na dawa zake za presha na sukari kwa saa yake, akalala. Shughuli ikaanza baada ya Alasiri. Alikalia kiti cha mbao chenye mikono, kirefu kidogo, kwa sababu sofa la kukodi mzee akizama hainuki bila kuvutwa, na kuvutwa mbele za watu ni kudhalilika. Mjukuu mmoja wa kike alipewa kazi ya kutoondoka ubavuni mwake: maji, kumsindikiza chooni, na kuangalia ishara. Ishara ilikuwa miwani. Mama akiipandisha kichwani, maana yake amechoka na anayezungumza naye aondolewe kistaarabu. Aliipandisha mara nyingi kuliko tulivyotarajia, na mara moja ilikuwa kwa ajili yangu.

Wanafunzi wa madrasa walikuja na madufu yao wakasoma maulidi vizuri, mama akiitikia kila kiitikio. Tatizo lilikuwa spika. Fundi aliiweka upande wa kulia, kwenye sikio zima, na kila neno likamjia kama radi. Akaagiza izimwe. "Wanafunzi wangu sikuwafundisha kwa spika."

Kabla haijazimwa, kiongozi mmoja ambaye hatukumwalika alikuwa ameshapewa mikrofoni na mtu mwenye heshima nyingi. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Aliomba dakika tatu za kumpongeza bibi, akatupitisha kwenye barabara, maji na umeme, na mama akalala usingizi wa kweli. Tangu sasa nashauri mikrofoni ishikwe na mtu mmoja asiye na haya, ikiwezekana shemeji.

Kisha mama akaletewa daftari. Alilifungua mapajani, akaomba penseli, akaita majina kama alivyoyaita mwaka 1974. Kwenye benchi wakaitika, "Nipo, mwalimu," mmoja mmoja, mmoja wao akijaribu kusimama na wenzake wakimshika. Jina likiitwa la asiyekuwepo, ulikuwa unasikia kutoka nyuma ya turubai, "Amefariki, mwalimu. Mimi mwanawe." Au, "Mimi mjukuu." Mama anatazama juu, anamtafuta kwa macho, anamwambia sogea nikuone, anaweka alama. Majina mengine hayakuitikiwa na mtu. Alisubiri kidogo kwa kila moja, akapita. Alipofika kwa yule wa dole gumba, mwanamke wa makamo alitoka jikoni, mikono ina unga, akasema ni baba yake. Mama akamuuliza, "Alikwambia alikuwa anatuletea maji?" Yule mwanamke hakuwa anajua. Mmoja wa wapishi wetu, na tulikuwa tumepatana naye bei wiki mbili kabla bila kujua.

Mzee wa S ya kinyumenyume yuko hai. Tulimpa penseli atie sahihi. Akaiandika vilevile, kinyumenyume, benchi zima likacheka, na mama akasema tumwache, hana muda wa kuharibu alichokizoea.

Tulimaliza kabla ya Isha. Kesho yake ilikuwa mbaya kuliko tulivyojiandaa. Mama aliamka na kizunguzungu, presha imepanda, tukampeleka zahanati. Daktari akauliza jana alilala saa ngapi, na jibu halikuwa zuri, kwa sababu wageni wa mbali walilala palepale nyumbani na kila mmoja alitaka kidogo cha mwisho cha maongezi. Watafutieni wageni malazi kwa ndugu wengine, hata kama watanuna. Na siku mbili baada ya shughuli mlango ufungwe; wekeni mtu barazani wa kupokea pongezi kwa niaba yake.

Zawadi zilikuwa nyingi na nusu yake hazina kazi kwa mwanamke wa miaka 80: mashine mbili za kusaga juisi, seti za vikombe, mazulia ya kuteleza ambayo ni hatari kabisa. Alizigawa zote ndani ya wiki. Zilizomfaa ni stuli ya kuogea, taa ya kuchaji, na kijana mmoja aliyemlipia dereva wa bajaji ampeleke kliniki mwaka mzima. Ukiulizwa "tumletee nini", usijibu "mje tu inatosha". Jibu kwa kutaja kitu.

Hesabu za fedha mama alidai ziandikwe na zisomwe kwake. Mweka hazina wetu, mjukuu anayesomea uhasibu, alikuwa amekosea kujumlisha. Zilibaki 310,000, si 280,000. Kwa fedha hizo tuliweka vyuma vya kushikilia chooni na bafuni, tukapiga nakala ya daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, na nakala moja akapewa mzee wa benchi aliye mdogo kuliko wote.

Bado wanakuja. Watoto na wajukuu wa wakata mkonge, wengine kutoka Korogwe, wanataka kuona dole la babu yao. Mama ameweka utaratibu: baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa. Mikono inawe kwanza. Kupiga picha ruhusa, kung'oa ukurasa hapana, na anayekuja na mtoto wa shule, mtoto atasomeshwa majina kwa sauti kabla hajapewa kitumbua.